Shuka la Mistari ya Buluu

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo wote hapo nyumbani. Najua utacheka kwamba fundi wa minara ya simu anaandikiwa barua na dada yake, lakini mimi na wewe tukipigiana simu hatufiki popote. Mama anakunyang'anya, ananiambia sauti yangu imekonda, anaanza habari za jirani, na salio linakwisha kabla sijasema nililopigia. Kwa hiyo naandika.

Ndani ya bahasha kuna jarida la chuo. Tangu waniongezee kazi ya kufundisha wakunga wanafunzi, wananihesabu kuwa mwalimu, na mwaka huu mkuu wa chuo alitaka kila mwalimu aandike ukurasa mmoja: kwa nini alichagua kazi hii. Wenzangu wameandika kuhusu wito. Mimi nimeandika kilichotokea. Kwamba nilipokuwa na miezi minne nilishikwa na homa, nikaacha kupumua, wakanifunika shuka la mistari ya buluu, na watu wakaanza kulia. Mama peke yake hakulia. Alikaa akilitazama lile shuka, mpaka chini yake nikapiga chafya.

Hujawahi kuisikia, najua. Mama aliniambia nikiwa na miaka saba, siku niliyogoma kuchomwa sindano. Wauguzi walikuwa wamenishika miguu, mimi napiga mayowe jengo zima linasikia. Mama akainama sikioni kwangu: "Wewe ulishafunikwa ukafunuka. Sindano ni kitu gani kwako?" Nikanyoosha mkono mwenyewe. Tangu siku ile hospitali kwangu ni kama jikoni. Alinikataza nisikwambie, eti utaona wivu. Sasa una mvi, nadhani utavumilia.

Msomee Mama ukurasa wote, maana miwani najua anaivaa kichwani tu. Halafu uniambie sura yake ilivyokuwa.

Msalimie wifi.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Jarida limefika. Nilimsomea Mama sebuleni baada ya chakula. Nilipofika kwenye shuka nikanyamaza.

"Mbona umekwama?" akauliza.

"Maandishi madogo."

"Basi acha, utaniharibia usingizi wangu." Akaenda kulala.

Maandishi, kama unavyojua, si madogo.

Dada, hiyo hadithi ni yangu. Sikuandikii kwa hasira, nakuandikia kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mtu mwingine barabarani. Miezi minne, homa, shuka la mistari ya buluu, Mama kukaa bila kulia: ni mimi. Ila mimi sikupiga chafya. Nilipiga teke, shuka likaruka, Mama Mkubwa akakimbilia nje.

Mama aliniambia nikiwa darasa la tatu, wakati wale vijana wakubwa walipokuwa wananisubiri getini. Nilikuwa nimekataa kwenda shule, nimejifungia chooni. Akaniambia kupitia mlangoni: "Aliyeshinda kifo kwa teke anaogopa watoto wenzake?" Kesho yake nikatoka kwa geti lile lile. Walinipiga, lakini nilitoka. Na mimi nilikatazwa nisikwambie wewe, eti utajisikia vibaya, kwako hakukuwa na la kusimulia.

Unajua kazini wananiita Kunguru. Wengine wakifika juu ya mnara wanakumbatia chuma na kusali. Mimi nakaa, natoa mkate wangu, nakula huku natazama mabati ya watu. Wakiniuliza kama siogopi, nawaambia mimi nilishakufa nikiwa mdogo, zamu yangu imepita. Kikosi kizima kinaijua habari hiyo. Sasa wewe umeichapisha, na picha yako juu yake.

Labda ulimsikia Mama akisimulia yangu, nawe ulikuwa mdogo, ukadhani ni yako. Inatokea kwa watoto. Sikulaumu.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa zamu, nikapiga chafya katikati. Kwangu ni ushahidi, kwako ni vumbi.

Nimefikiri sana. Ulipokuwa na miezi minne, mimi nilikuwa nimeshapita miaka mitano. Nakumbuka surua yako. Nakumbuka ulivyomeza kifungo cha koti la Baba na jinsi tulivyokisubiri. Mtoto wa miaka mitano hawezi kumsahau mdogo wake aliyefunikwa shuka na watu wakalia. Sikumbuki chochote cha namna hiyo. Kwa hiyo si wewe.

Nilitaka kuishia hapo na ushindi wangu. Kisha nikaikumbuka ile picha ya studio iliyokuwa kwenye kabati la vikombe. Nimekaa kwenye mto, nimenona kama andazi, mashavu yamekula macho. Mama anapenda kuwaambia wageni: "Hapo alikuwa na miezi minne." Mtoto aliyetoka kufa hapigwi picha akiwa vile.

Sipendi inakoelekea. Naomba usimuulize Mama kwanza. Hadithi hii kwangu mimi siyo kitu cha kunogesha mazungumzo. Wodini wananijua kwa jambo moja: siachi haraka. Mtoto akizaliwa kimya, tukamkausha, tukamsugua mgongo, tukampulizia hewa, na wenzangu wakaanza kutazama saa ya ukutani, mimi bado naendelea. Najua kutoka ndani kwamba shuka linaweza kutikisika. Wapo watoto wanaokimbia mitaani leo kwa sababu hiyo. Sasa niambie, najua kutoka ndani ya nini?

Na swali moja dogo. Unapokula huo mkate huko juu, mkanda wako umefungwa kwenye chuma? Jibu hilo kabla ya mengine.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Uliniomba nisimuulize. Nimemuuliza.

Mama Mkubwa yuko hapa, amekuja kwa matibabu ya macho. Niliwakuta jikoni wote wawili, kila mtu na ungo wake, wanachambua mchele na kumsema mtu. Nikavuta kigoda.

"Mama, kati yangu na Dada, nani alifunikwa shuka?"

Hakuinua macho. "Wewe."

"Dada ameandika kwamba ni yeye."

"Basi ni yeye."

"Hatuwezi kuwa sote wawili."

"Kwa nini msiweze? Wewe umezaa wangapi mpaka ujue?"

Mama Mkubwa akaweka ungo chini. "Waambie. Watu wazima hawa. Huyu ana kitambi."

Mama akaendelea na mchele wake. Basi Mama Mkubwa akaniambia yeye. Kabla yako kulikuwa na mtoto. Wa kike. Miezi minne, homa, siku mbili. "Mimi ndiye niliyemfunika," alisema. "Mama yako alikaa analitazama shuka mpaka jua likazama. Kila mara ananiambia limetikisika, njoo uone. Nakuja, natazama. Halikutikisika."

Dada, nilikaa pale kama mtu aliyepigwa na kitu ambacho hajakiona. Nikamuuliza Mama, teke je? Na chafya ya Dada?

"Wewe ulikuwa na mateke tangu tumboni," akasema. "Dada yako mafua hayakumwisha. Ulitaka nitumie nini?"

"Kwa nini ulitudanganya?"

"Nani kakudanganya? Ulikuwa hutaki kwenda shule. Ukaenda." Akavuta ungo wa Mama Mkubwa, akaumalizia na huo.

Ndiyo hivyo. Usijali kuhusu mkanda, mimi siyo mtoto. Kesho tuna mnara mpya kule kwenye mwinuko, mrefu kuliko yote tuliyowahi kufunga. Kazi ni kazi.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Hujajibu, simu yako haipokelewi, na Mama nikimpigia ananisimulia habari za macho ya Mama Mkubwa tu. Andika hata mstari mmoja. Andika hata matusi.

Dada yako


27 Aprili

Wifi yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mdogo wako yupo mzima, anakula, analala. Amenikataza nisikuandikie, ndiyo maana naandikia hapa dukani, kati ya mteja wa dawa ya kikohozi na mteja wa minyoo. Ukiona nimerukia mambo, ujue nilikuwa nahesabu vidonge.

Siku ile ya mnara mpya alipanda kama kawaida yake. Wenzake wanasema alikuwa anatania njia nzima. Alipofika katikati, chini ya ile ngazi ya mwisho, akajitazama kiunoni. Halafu akatazama chini. Akakumbatia chuma na hakusema tena. Walimwita kwa redio, hakujibu. Walimwita kwa jina lake halisi ambalo hakuna anayelitumia, hakujibu. Msimamizi ilibidi apande mwenyewe, mtu wa umri ule, akamfungia kulabu za mkanda kwa mikono yake, wakashuka hatua kwa hatua, msimamizi anamtajia pa kuweka mguu kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kikosi kizima kililijua isipokuwa mimi. Mkanda alikuwa anauvaa, lakini kulabu hakuwa anazifunga. Miaka yote zilikuwa zinaning'inia tu kama mapambo. Wifi, nimelala na mtu huyu nikidhani ni jasiri. Kumbe alikuwa ameambiwa. Nimejiuliza kama kuna tofauti, sijapata jibu, na mteja mwingine ameingia.

Nimerudi. Amepewa likizo. Amepaka mlango wa mbele rangi, akaikataa, akapaka nyingine. Mazungumzo naye yamekuwa ya ajabu. Juzi mezani ameniuliza: "Hivi ni kweli sipendi vitunguu, au ni Mama ndiye aliyesema sipendi?" Nikamwambia onja. Akatafuna kipande kizima huku ananitazama machoni. Kumbe hapendi. Basi tumepata kimoja cha uhakika.

Yeye na Mama yako wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Mama ananiuliza, "Mume wako kimemkuta nini?" Namwambia, muulize, ni mwanao. Anasema, "Mimi nikimuuliza ataniuliza."

Sijui wewe unafanya nini na habari hii huko uliko. Ila nakuomba umwandikie kitu kingine, siyo pole. Pole amepewa nyingi na zote amezirudisha.

Wifi yako


12 Mei

Mdogo wangu,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze, nimemwambia aisome barua hii yeye kwanza, ndipo akuonyeshe.

Sikupi pole. Nakueleza kilichotokea wodini, ufanye nacho unachotaka.

Baada ya barua yako ya Machi nilidhani sitaweza tena. Alipozaliwa mtoto wa kwanza kimya, nilisubiri kuona mikono yangu itafanya nini. Ikafanya kazi yake. Ilimkausha, ikamsugua, ikampulizia, na mtoto akalia, na mimi sikufikiria shuka hata mara moja. Nilihisi kama mtu aliyeibiwa mkongojo akagundua anatembea, na hata sikufurahi.

Wiki iliyopita akaja mwingine. Wa kiume, mkubwa, mzuri. Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pembeni wanatazama. Nilifanya yote, nikarudia yote. Wakatazama saa. Nikaendelea. Halafu nikaacha. Nilikuwa najua wakati wa kuacha, nikagundua kwamba miaka yote nimekuwa nikiujua, ila nilikuwa nasubiri chafya.

Kawaida yetu hapo ni kumfunga mtoto kitambaa, kumfunika uso, na kumpeleka chumba cha pembeni upesi, mama asione. Tunasema ni huruma. Nilishika pindo la kitambaa nikashindwa kulivuta. Nikamchukua vilevile, uso wazi, nikampa mama yake.

Alimtazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Masikio ya baba yake haya," akanionyesha, akayakunjua kwa kidole. Akaniambia mtoto huyu alikuwa na kwikwi tumboni kila asubuhi yeye akipiga mswaki. Alimwita Bwana Mswaki. Alizungumza, mimi nikasikiliza, wanafunzi wangu wakasikiliza. Hakunung'unika, hakumlaani mtu. Alikuwa anamtambulisha mwanawe kwa watu waliokuwepo.

Nilipokuwa nanawa mikono nikakumbuka sisi. Mama Mkubwa ametuambia jinsi mtoto yule alivyokufa. Mama alituambia jinsi ambavyo hakufa. Hakuna aliyetuambia alikuwaje. Na miezi minne si michache, nakuambia kwa uzoefu. Mtoto wa miezi minne anacheka, anachagua watu, ana mambo anayoyakataa. Miaka yote Mama amekuwa akitugawia kifo chake kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kingine.

Muulize. Usimuulize kwa nini alitudanganya. Muulize alikuwaje. Mimi kwa simu siwezi, atanigeuzia habari za jirani.

Jarida sijalisahihisha. Wanafunzi wawili wamekata ule ukurasa wameubandika bwenini. Napita hapo kila siku, na bado sijajua niwaambie nini.

Dada yako


1 Juni

Dada,

Nimerudi kazini. Nafunga kulabu zote mbili, nahamisha moja, napanda hatua, nahamisha nyingine. Mnara ambao nilikuwa naumaliza kabla chai haijapoa sasa unanichukua nusu ya asubuhi. Wamenibadilisha jina. Naitwa Konokono.

Naogopa, Dada. Nikifika juu mkate hauliki. Nilimuuliza mwenzangu mmoja hii hali inaisha lini. Akanishangaa. "Inaisha? Mimi niko nayo tangu niajiriwe." Na kila siku anapanda. Miaka yote nilikuwa nakaa juu ya chuma kile nikiwacheka.

Kuhusu lile uliloniagiza.

Nilimkuta Mama uani anaanika nguo. Nikashika beseni, nikawa nampa moja moja. Tulikuwa hatujasemeshana sawasawa tangu siku ya mchele, kwa hiyo alikuwa ananitazama kwa pembeni.

"Mama," nikasema, "alikuwaje?"

"Nani?"

"Mkubwa wetu."

Alikuwa ameshika shati langu. Akalikung'uta, akalibana kwenye kamba, akalivuta likae sawa. Nikadhani ndiyo basi.

"Alikuwa hataki kofia," akasema. "Umvishe kofia uone. Anakunja uso kama karani aliyeamshwa."

Nikampa nguo nyingine.

"Alikuwa hampendi Mama Mkubwa wako. Mtu mmoja tu duniani, ni huyo. Kwa wengine wote anakwenda. Akiwekwa kwa yule, kilio. Mpaka leo Mama Mkubwa hajamsamehe."

Nikamuuliza kama alikuwa anacheka.

"Anacheka bila sauti. Mdomo wazi, tumbo linatikisika, sauti hakuna. Baba yenu alikuwa anasema huyu amezaliwa redio imezimwa." Akabana nguo kambani. "Halafu mkono wake wa kushoto. Alikuwa haufungui. Ngumi muda wote. Ukiufungua kwa nguvu unakuta nyuzi humo ndani, za blanketi, za gauni langu, nyingine hata sizijui. Nazitoa, namwosha vizuri. Nikirudi, zimo. Sijui alikuwa anazipata wapi."

Na akacheka, Dada. Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Nami nikacheka, sijui hata kwa nini, nyuzi tu. Wifi yako alitoka mlangoni kuona kuna nini, akarudi ndani.

Nikamuuliza alifanana na nani, na wewe au na mimi.

"Na nyinyi?" Alinitazama kama nimemuuliza kitu cha kipumbavu. "Hata kidogo. Yule alikuwa mtu mwingine kabisa."

Nikamuuliza, halafu?

"Halafu nini? Ndivyo alivyokuwa." Akanipa beseni tupu. "Mwandikie na mwenzako."

Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza kitu. Wewe siyo kifungua mimba tena. Nakuambia mapema ili ujizoeze.

Mdogo wenu